Westlands Hadi Mutuini kwa Pikipiki Isiyobeba Abiria

Wenzangu wa ofisini, mmeniuliza sana mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeamua kuandika mara moja, kila mtu ajisomee, na mwenye swali lingine alimeze na chai.

Najua kati yenu wapo waliosafiri mbali. Kuna mmoja wetu aliyeendesha gari mpaka Cape Town, akarudi mwembamba na mwenye hekima, na hadi leo hatupumui kwa kuambiwa. Mimi nilitoka Westlands nikaenda Mutuini. Siku ya kawaida ni mwendo ambao mtu hasumbuki hata kumuaga mkewe. Lakini mimi uliniondoa nyumbani asubuhi nikiwa mtu mwenye heshima zake, ukanirudisha jua likishuka nikiwa mtu wa kuhurumiwa na kijiji kizima, kwa hiyo naomba uitwe safari. Habari za makaratasi, yaani kubadilisha jina la mwenye chombo na mengineyo, naziruka. Sisi watu wa bima tunakula kwa makaratasi, na hata mimi yalinipa usingizi.

Mutuini, kabla ya kutoka

Kwanza mjue nilichokuwa nakitaka. Tangu ujana wangu nimetamani pikipiki. Si boda ya kubeba abiria. Nataka hilo liingie vizuri, kwa maana litasumbua huko mbele. Nilitaka pikipiki kubwa ya Kijapani, ya mbio, ila ile isiyovishwa maganda ya plastiki: injini yote iko nje, mabomba yake unayaona yakipindana, na ukiiangalia unajua kila kitu kinachoendelea. Wauzaji huiita ya uchi. Nilipomweleza mke wangu Nyambura jina hilo, nilijua papo hapo nimeanza vibaya.

Nyambura ana duka la vitambaa pale Mutuini na ndiye katibu wa kikundi cha maombi cha kina mama. Ni mtu wa maneno machache, lakini akilisema moja utalala nalo.

"Wewe unalipwa kuangalia picha za watu waliovunjika," aliniambia. "Sasa unataka uwe picha?"

Ni kweli kwamba kazi yangu ni kukagua madai ya ajali. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu nitakuwa mwangalifu kuliko wote. Wiki kadhaa zikapita, mpaka siku moja, akiwa anakata kitambaa cha pazia bila kuniangalia, akatoa hukumu.

"Ilete. Ikifika kwenye lango langu kwa nguvu zake yenyewe, itakaa. Ikija juu ya pickup, itaondoka na pickup hiyo hiyo."

Nilikubali haraka kabla hajafikiria tena. Asubuhi ya safari akaniongezea jambo ambalo nililipokea kama zawadi: kina mama wa maombi wangekuja saa kumi na moja jioni kuiombea. Kwetu hakuna kinachowashwa bila kuombewa, iwe gari, iwe mashine ya kusaga unga, iwe hata friji. Lakini kwamba Nyambura mwenyewe ndiye aliyewaita, hilo lilinilainisha moyo. Nikajiambia kwamba amekubali, ila anaona aibu kusema. Ndoa yetu ina miaka mingi na bado najidanganya kama bwana harusi.

Westlands

Muuzaji alikuwa mzee mmoja anayeitwa Bwana Jaspal, fundi wa saa aliyestaafu, ambaye nyumba yake ndogo ya vigae imebaki peke yake katikati ya maghorofa. Pikipiki ilikuwa gereji, imefunikwa shuka la maua. Alilivua shuka lile polepole, kona moja baada ya nyingine, nami nikasahau maneno yote niliyoyapanga ya kupunguziwa bei. Ilikuwa nyeusi, tangi lina mng'ao wa kioo, mnyororo safi kuliko vijiko vya kwetu.

"Mimi nawasha kila Jumapili," alisema. "Nasikia sauti kidogo, nazima."

"Na kuiendesha?"

"Kuendesha ya nini? Itachafuka."

Hapo ningepaswa kushtuka. Mtu yeyote anayejua vyombo vya mtumba atakuambia kwamba chombo hakiuawi na barabara peke yake, hata kukaa kunakiua. Lakini penzi ni kikohozi, halifichiki, na Bwana Jaspal alikuwa ameshaniona nikipiga magoti kuangalia kabureta kana kwamba niko altareni.

Mkewe, Mama Kiran, alituletea chai ya viungo na sambusa za dengu zilizonichoma ulimi. Alisimama mlangoni akinitazama ninavyokula.

"Wewe iko na bibi?"

"Ninaye, mama."

"Yeye napenda hii pikipiki?"

"Bado."

Alimgeukia mumewe kwa utulivu mkubwa. "Bado," akarudia. "Mimi pia bado. Tangu Kiran iko mtoto." Kisha akanifungia sambusa nyingine kwenye karatasi, akanisukumia mkononi. "Chukua, baba. Enda nayo. Hapana rudisha."

Bwana Jaspal alinipa maagizo mawili. Tairi zilionekana mpya lakini zilikuwa zimekauka kwa uzee, kwa hiyo nipitie Kirinyaga Road nizibadilishe kabla ya jambo lingine lolote. La pili, nisisimame kwenye jam ya magari. "Hii injini napenda upepo," alisema. "Simama muda mrefu, nachemka." Nilimwangalia nione kama anatania. Alikuwa mtu aliyeishi Nairobi maisha yake yote, na alikuwa anamwambia mtu wa Nairobi asisimame kwenye jam.

Nilipoiwasha, alifuta kioo cha pembeni kwa kidole gumba, kisha akageukia ukuta. Nilitoka pale nikijihisi kama mtu aliyetorosha binti wa watu, na mama mtu ndiye aliyenifungulia lango.

Kirinyaga Road

Niliingia mjini kwa mwendo wa maiti, tairi ngumu zikiteleza kila nilipokanyaga rangi nyeupe ya barabarani. Asiyepajua Kirinyaga Road aelewe hivi: ni barabara ambayo ukisimama na chombo chochote, kabla hujatia mguu chini watu wameshaanza kukitengeneza.

"Boss! Karibu boss! Tuweke carrier?"

"Nataka tairi."

"Tairi utapata. Lakini hii bila carrier utabebea wapi mzigo? Na mwavuli je? Ona hii mvua inakuja."

"Sibebi mzigo. Sibebi mtu. Ni ya kutembelea tu."

Wakatazamana. Fundi wao, kijana mpole aliyeitwa Wafula, alinishika bega. "Sawa, mzee. Hata mimi nikianza biashara nilikuwa nasema hivyo. Pole pole utawazoea makastoma."

Saizi ya tairi zangu haikuwepo. Mtu alitumwa, akarudi na tairi nyembamba za boda, akaapa kwamba zitaingia zikizoea. Nikakataa. Akatumwa mwingine, huyu akapotea kabisa. Jua lilipita kichwani. Nikaenda kwenye kibanda cha jirani nikala ugali na matumbo kwa mama mmoja mpishi ambaye, aliponiona nimekumbatia helmeti, aliniuliza kama ninafanya kazi ya kupeleka chakula, kwa kuwa alikuwa akitafuta mtu mwaminifu. Nilimwambia niko bima. Akasema naam, kila mtu ana njia yake ya kuanguka na Mungu humwinua.

Niliporudi, tairi halisi zilikuwa zimepatikana na kufungwa, na zilifungwa vizuri, sina lawama. Ila mafundi walikuwa wamenihurumia kwa kuchelewa kwangu. Kwa moyo mweupe wakanipa zawadi: nyuma ya gurudumu waliniwekea kile kipande cha mpira mwekundu cha kuzuia matope, kama kile cha boda zote, chenye maandishi makubwa ya manjano yasemayo JASHO LA MAMA. Hawakukifunga kwa nati. Walikipiga ribiti, pini zisizofunguka.

"Hiyo ni ofa, mzee," alisema Wafula akitabasamu. "Ikuletee bahati."

Ningefanya nini? Mtu akikupa kitu kwa tabasamu lile huwezi kumwomba patasi.

Ngong Road

Kutoka mjini nilipanda Valley Road kama mfalme. Hapo ndipo nilipoielewa pesa yangu. Ukikunja mkono kidogo tu, kitu kile kinavuta pumzi na mlima wote unakuja kwako. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Sijacheka hivyo tangu nilipokuwa kijana, na nasema wazi, macho yalinilowa. Kama ningefika nyumbani wakati ule, ningekuwa nimeandika makala fupi ya shukrani.

Lakini mbele ya Adams Arcade barabara ilifungwa. Lori lilikuwa limepoteza nyanya zake, na watu wenye karai na watu wasio na karai walikuwa wanasaidia kwa njia tofauti. Boda zilipita pembeni, zikapanda njia ya wapita kwa miguu, zikapotea. Mimi sikupita. Nilikuwa nimejiapia kwamba chombo changu si boda na hakitapanda mahali pa watu. Kwa hiyo nilisimama na magari, kwa heshima, na injini inayopenda upepo ikaanza kuonja maisha ya Nairobi.

Nilisukuma kidogo kidogo mpaka Dagoretti Corner. Hapo taa nyekundu ya joto ikawaka na harufu tamu ikanipanda puani, kwa hiyo nikakata kushoto na kuzima injini kwenye uwazi wa kwanza niliouona. Uwazi huo, bila shaka, ulikuwa kituo cha boda.

Dagoretti Corner

Boda zilikuwa zimepangwa mstari, wenyewe wamezilalia. Kisha akaja mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye miwani ya jua, ambaye wote walimwita Chairman na mimi pia nikamwita hivyo, maana palikuwa kwake.

"Niaje, mzee. Wewe ni wa stage gani?"

"Sina stage."

"Kila mtu ana stage."

"Mimi si wa boda. Napoza injini tu."

Waliizunguka. Mmoja alichuchumaa akagusa bomba, akaungua, akaipenda zaidi. "Hii inakunywa mafuta kama wageni wa harusi," alisema. "Ukitoa pesa ya tajiri mwenye pikipiki, jioni unabaki na nini?" Aliyekuwa nyuma alisoma kwa sauti, "Jasho la Mama," na wote wakaniangalia kwa macho yanayosema kwamba kesi imekwisha.

Nikiwa bado najieleza, nilisikia pikipiki ikishuka kwa uzito. Nikageuka. Mama mmoja mzee, shosho kabisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mkoba mkubwa, alikuwa ameshapanda kile kiti kidogo cha nyuma ambacho mtengenezaji alikiweka kama mapambo tu.

"Twende, kijana," akasema. "Mutuini. Nimechelewa."

Nina miaka hamsini. Lakini helmeti haina miaka.

"Mama, mimi sibebi watu."

"Mbona uko stage?"

Chairman akaingilia kati, naye hakuwa na utani. "Mama, shuka. Kuna laini. Wa kwanza ni yule wa kofia. Huyu hatumjui."

"Sishuki," alisema mama. "Magoti yangu yamepanda mara moja leo na hayapandi tena. Mnataka nianguke hapa mbele yenu?"

Kukawa na mashauri. Nilijifunza kwamba kituo kina sheria: mteja haporwi kwenye laini, lakini mteja aliyekwisha kukaa hashushwi, kwa sababu akishushwa anaondoka na bahati ya siku nzima. Sheria hizo mbili hazikuwa zimewahi kukutana. Chairman alivua miwani, akafikiri, akahukumu kwamba nimbebe kwa leo kama mgeni wa kituo, na kesho nije nijiandikishe.

"Nawaambia mimi si wa boda!"

"Wote tulianza hivyo," alisema Chairman kwa upole, na wale wengine wakaitikia kwa vichwa.

Injini ilikuwa imepoa. Mutuini nilikuwa naenda. Na mama yule alikuwa amenishika kiuno kama mtu aliyeshika mti wakati wa mafuriko. Nikaiwasha.

Riruta mpaka Waithaka

Aliitwa Mama Loise, akanijulisha kabla hatujafika mbali, kiongozi wa maombi kutoka Riruta, na alizungumza bila kituo karibu na sikio langu.

"Ukiendesha hivi pole pole utapata wateja wengi, kijana. Wale wengine wanatuua. Mimi naenda mahali pa huzuni, hata hujui. Kuna baba mmoja wa Mutuini amefutwa kazi."

"Pole sana," nikasema. Kwa kweli nilimwonea huruma mtu huyo.

"Alikuwa na kazi nzuri, ya ofisi. Akaamka siku moja, wakamwambia aende. Sasa imebidi anunue boda, na umri ule! Ndiyo tunaenda kumwombea, afunguliwe njia. Mke wake ndiye alituambia, maskini, huku analia machozi kabisa."

"Anaitwa nani?"

"Baba Muthoni."

Muthoni ni binti yangu wa kwanza. Mutuini nzima, ukimwacha mlevi mmoja wa pale sokoni asiye na mke wa kulia, Baba Muthoni ni mimi. Nusura niingie kwenye banda la viazi. Mama Loise akanipiga mgongoni akaniambia niangalie barabara.

"Mke wake alisema amefutwa?" niliuliza.

"Kwa mdomo wake. Lakini nikamwambia, Mama Muthoni, shukuru. Heri boda kuliko pombe."

Nilikasirika. Siandiki kwamba nilishangaa au nilihuzunika, nilikasirika hasa. Mimi sijawahi kukosa kazini isipokuwa kwa homa. Na mke wangu alikuwa amenizika nikiwa hai, akaitisha na matanga, na mimi nilikuwa namleta mwombolezaji mkuu kwa mafuta yangu. Nilianza kupanga hotuba. Ningesimama pale uwanjani, nivue helmeti, niwaambie wote ukweli, mmoja mmoja, kwa sauti ya ofisini.

Nilipofika Waithaka nilikuwa nimefika kwenye sehemu nzuri zaidi ya hotuba, ndipo mvuke ukanipanda usoni. Nikasimama mbele ya duka dogo la mboga. Bomba la mpira linalopeleka maji ya kupoza injini kwenye rejeta lilikuwa limepasuka pale linapofungwa, kwa uzee ule ule wa tairi, na maji yote yalikuwa yanatiririka mtaroni. Nilibadilisha tairi kwa sababu niliambiwa. Mpira mwingine wote chini ya tangi lile zuri hakuna aliyeufikiria, mimi wala Bwana Jaspal.

Pickup ya kubebea nyasi za ng'ombe ikasimama hapo hapo, tupu, kana kwamba imetumwa.

"Mzee, nikubebe? Naenda Mutuini."

"Kubali!" alisema Mama Loise. "Maombi yanaanza saa kumi na moja."

"Haiwezi kubebwa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mke wangu amesema ikibebwa itauzwa."

Mama Loise aliniangalia kwa muda. Nadhani ndipo aliponionea huruma kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe, si yule Baba Muthoni wake. Alimpungia dereva mkono aende. Pickup ikaondoka, na mimi nikaitazama mpaka ilipopinda kona.

Tulingoja injini ipoe, mimi helmeti bado iko kichwani. Mwenye duka alinipa utepe wa blada ya baiskeli, nikakata ncha iliyooza ya bomba, nikalirudisha, tukalifunga kwa blada, mimi nikivuta upande huu na Mama Loise upande ule, ameweka goti lake bovu kwenye mfuko wa viazi. Lilishika. Lakini maji hayakuwepo. Mifereji ya Waithaka ilikuwa mikavu tangu juzi na mtungi wa mwenye duka ulikuwa na tone la kunawia tu.

Mama Loise alifungua mkoba akatoa chupa kubwa iliyofungwa kwa kitambaa. Aliishika kifuani.

"Haya yameombewa," alisema. "Tumeyafungia, hata chakula hatukula. Ni ya kunyunyizia boda ya Baba Muthoni."

Alikuwa anafikiri, na niliona uso wake ukienda huku na huku.

"Mama," nikamwambia, "ukinipa, nakuhakikishia yatamfikia Baba Muthoni."

"Utajuaje?"

"Najua."

Akafunga macho, akasema maneno machache, kisha akanipa chupa. Nikayamimina yote kwenye rejeta. Hayakubaki hata ya kulowesha kidole.

Mutuini

Tulipanda kilima cha mwisho polepole, mimi nikichungulia lile bomba kama mzazi anayechungulia mtoto mgonjwa. Kwa mbali nikasikia kuimba. Lango langu lilikuwa wazi. Kina mama walikuwa wamejipanga pande mbili, wanapiga makofi, na katikati yao Nyambura alisimama na sinia ya mandazi. Injini iliingia lango ikinguruma kwa nguvu zake yenyewe. Niliizima.

"Subiri hapa, kijana," Mama Loise alisema akishuka kwa shida. "Utanirudisha."

Nikavua helmeti.

Wimbo ulikatika, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Mama Loise alinitazama, akamtazama Nyambura, akasoma tena yale maandishi nyuma ya gurudumu. Nilifungua mdomo. Hotuba yote ilikuwepo, hakuna neno lililopotea. Ila nilikosea nikamtazama mke wangu. Sinia ilikuwa imeinama mikononi mwake na andazi moja lilianguka, naye hakuliona. Kwa miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona Nyambura akiogopa neno litakalotoka kinywani mwangu.

Mama Loise ndiye aliyetuokoa, kama alivyoiokoa injini.

"Bwana asifiwe!" alipaza sauti akainua mikono. "Ameshaanza kazi! Hata kabla ya kuombewa ameshaanza kazi! Ni yeye amenibeba!"

Vigelegele vilipasuka. Watu wakanikumbatia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kazi ni kazi, kina mama. Asanteni."

Waliomba mpaka nikasimama mguu mmoja. Waliomba nipate wateja, nilindwe na askari wa barabarani, nisahau uchungu wa ofisi. Waliweka mikono juu ya tangi la Bwana Jaspal, wengine wakiwa na mafuta ya mandazi. Kisha wakatoa walichoniletea: unga, sukari, helmeti ya abiria, na lile koti la kijani la watu wa boda lenye mistari inayong'aa, ambalo walinivalisha wenyewe, juu ya koti langu la ngozi, wakapiga picha. Githeri ya mahindi na maharagwe ililiwa ikaisha. Nilimrudisha Mama Loise mpaka barabarani, na alikataa kuondoka mpaka nimechukua nauli.

Walipokwenda wote, Nyambura alikuwa anaosha vikombe pale nje kabla giza halijaingia. Nilikaa kwenye ndoo.

"Kwa nini uliwaambia nimefutwa kazi?"

Hakuinua kichwa. "Waliniuliza mwanamume mwenye kazi yake, mwenye miaka hamsini, ananunua pikipiki ya nini. Ningesema nini? Ati anataka kufurahi? Nani anaelewa hiyo? Kufutwa kazi wanaelewa. Mpaka sukari wanakuletea."

"Wakasema ulilia."

"Nililia." Aliosha kikombe kile kile mara mbili. "Hiyo sikudanganya. Nilikuwa nakuona umelala barabarani."

Hasira niliitafuta sikuipata. Nilishika mkono wake wenye povu, naye akaniacha niushike. Baada ya muda nikamkumbusha kwamba pikipiki ilifika yenyewe, bila pickup.

"Hata ingefika kwa pickup," alisema, na hapo ndipo akaanza kucheka, kicheko cha kuchoka. "Sasa nitaiuzaje? Niuze mkate wa mtu aliyefutwa kazi? Watanitoa kikundini."

Kwa hiyo ipo. Nimebadilisha mabomba yote ya mpira, nimeosha kabureta, nalainisha mnyororo kila Jumamosi majirani wakinipa pole kutoka upande wa pili wa ua. Nimejiandikisha kwa Chairman, ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Na mlioniuliza kwa nini mwezi uliopita nilipandishwa cheo na hakuna aliyealikwa nyumbani hata kwa soda, mkasema nimekuwa mchoyo, jibu ndilo hili. Nyambura alifurahi sana. Alifunga mlango, akafunga madirisha, akashusha mapazia, ndipo akanipigia vigelegele, kwa sauti ya chini.